Klabu Yenu Ina Salio, Lakini Ni Wangapi Bado Wanalipa?

Kwenye mkutano wa mwaka wa klabu nyingi ndogo hapa Kenya, ripoti ya fedha huchukua dakika tano. Mweka hazina anasimama, anatoa simu mfukoni, anasoma salio. "Tuko na elfu arobaini na sita." Watu wanapiga makofi, mwenyekiti anasema tusonge mbele, na ajenda inayofuata ni jezi. Hakuna anayeuliza mwaka jana wakati kama huu kulikuwa na ngapi, pesa hizo zilitoka kwa nani, wala kama zitawafikisha Desemba.

Maoni yangu ni kwamba, kati ya nambari zote ambazo klabu inaweza kuangalia, salio ndilo linalosema machache zaidi. Linakuonyesha kilichopo leo saa nne asubuhi, basi. Timu ya mpira ya mtaa, kikundi cha netiboli, kwaya, klabu ya riadha ya vijana: hizi hazifi siku pesa inapoisha. Hufa polepole, wanachama wakiacha kulipa mmoja mmoja, na jambo hilo huwa limeandikwa kwenye taarifa ya miamala, ile watu huita stetimenti, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutaja neno shida kwenye mkutano. Tatizo ni kwamba hakuna anayeifungua.

Hebu tupige hesabu

Chukua timu ya mpira ya mtaa, mfano tu, yenye wanachama 40. Kila mmoja anatakiwa kutoa shilingi 200 kwa mwezi, soo mbili. Matumizi ya mwaka, yaani refa, nauli ya mechi za ugenini, mipira, maji, ada ya ligi na dawa ya kuchua, ni kama shilingi 80,000.

Mwaka wa kwanza wanalipa watu 36 kwa wastani. Hiyo ni shilingi 86,400. Ukitoa matumizi, zinabaki 6,400. Si nyingi, lakini klabu imejilipia kila kitu.

Mwaka wa pili wanaolipa wamebaki 29. Michango inashuka hadi 69,600, ambayo haitoshi matumizi. Lakini mwaka huo kuna mtu amejitokeza akatoa 50,000 ya kombe. Mwisho wa mwaka, ukijumlisha na zile 6,400, salio ni 46,000. Hapo ndipo makofi yanapigwa. Salio halijawahi kuwa kubwa hivyo tangu klabu ianze, na kamati inachaguliwa tena bila kupingwa.

Mwaka wa tatu wanalipa 21, mfadhili haonekani, michango ni 50,400. Salio linashuka hadi 16,400. Watu wananung'unika kidogo. Mwaka wa nne wakilipa 15, michango ni 36,000 na matumizi bado ni yale yale. Kabla hata mwaka haujaisha, pesa zimekatika, na sasa maswali yanaanza: mweka hazina alipeleka wapi zile elfu arobaini na sita?

Mweka hazina hakupeleka popote. Zililipa refa na matatu. Lakini nani atamwamini, kama kumbukumbu pekee ambayo wanachama wanayo ni ile nambari moja waliyoipigia makofi?

Ona pia kwamba ugonjwa ulianza mwaka wa pili, ule wa sherehe. Watu saba waliacha kulipa na hakuna aliyewauliza kwa nini. Ingekuwa rahisi kuwapata wakati huo. Bado walikuwa wanakuja uwanjani. Kufikia mwaka wa nne wengine wamehama mtaa na wengine wamejiunga na timu ya upande ule mwingine wa barabara.

Ndiyo maana nasema, ukiruhusiwa swali moja tu kwenye mkutano, uliza hili: mwezi uliopita walilipa wangapi, na mwezi kama huo mwaka jana walikuwa wangapi? Ukiruhusiwa la pili, uliza salio lililopo litatosha miezi mingapi ikiwa hakuna shilingi nyingine itakayoingia. Kwenye mfano wetu, 46,000 ni karibu miezi saba ya matumizi. 16,400 ni miezi miwili na nusu. Mwanachama ambaye hajawahi kusoma uhasibu anaelewa "miezi miwili na nusu" haraka kuliko jedwali lolote.

Pesa ya kampeni

Kuna wafadhili na kuna wafadhili. Duka la mtaani linalotoa mipira miwili kila Januari kwa miaka sita ni mapato ya kutegemewa. Pesa inayokuja miezi michache kabla ya uchaguzi ni mvua ya mawe. Inapiga kelele nyingi na inayeyuka.

Kila anayecheza mpira wa mtaa anajua mtindo huu. Mwaka wa uchaguzi kuna makombe kila wikendi, jezi zenye picha ya mheshimiwa kifuani, bahasha kwa kila nahodha. Tulikuwa na uchaguzi mkuu Agosti 2017, tukawa na mwingine Agosti 2022, na unaofuata ni Agosti 2027. Klabu inayojipima kwa mwaka wa uchaguzi peke yake itajiona tajiri. Ijipime miaka mitano mfululizo ndipo itajua ukweli: ule mwaka wa bahasha, na ile minne ambayo simu za mheshimiwa hazishikwi.

Hili si la timu ndogo tu. SportPesa iliposimamisha udhamini wake wa michezo nchini mnamo Agosti 2019, baada ya mvutano kuhusu leseni yake, Gor Mahia na AFC Leopards zilijikuta zikihangaika kulipa wachezaji. Hizi ni klabu za tangu miaka ya 1960, zenye mashabiki nchi nzima. Kama pengo la mdhamini mmoja liliwatikisa wao, timu yenye wanachama 40 itasimama kwa miguu gani?

Sisemi mkatae pesa. Chukueni, mshukuru, mtoe risiti. Lakini iandikwe peke yake, isichanganywe na michango ya wanachama, na ikiwezekana itumike kwa kitu cha mara moja: nyavu za goli, sanduku la huduma ya kwanza, mafunzo ya kocha. Mkianza kumlipa refa wa kila wiki kwa pesa ya kampeni, mmejifunga kamba shingoni na ncha ya kamba anayo mtu mwingine. Halafu kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye vitabu. Mwanachama akiona elfu hamsini zimeingia kwa siku moja, anaanza kujiuliza soo mbili zake zina kazi gani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa wale saba walinyamaza.

Januari ilinganishwe na Januari

Mtu akiangalia michango ya Januari na kuilinganisha na ya Desemba ataogopa bure. Januari ni Njaanuari. Karo, sare, vitabu, na nauli ya kurudi kutoka ushago imeshamaliza mfuko. Muhula mwingine ukifunguliwa, michango inayumba tena. Kama wanachama wenu ni vibarua wa mjengo au watu wa bodaboda, msimu wa mvua nao una hadithi yake.

Kwa hivyo linganisheni Januari na Januari, Mei na Mei. Na mkirudi nyuma sana, mwaka 2020 uwekeni pembeni. Kuanzia Machi mwaka huo michezo ilisimamishwa kwa sababu ya korona, na kuanzia 16 Machi hadi 31 Desemba kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kwa simu hakukuwa na ada. Kuna vikundi ambavyo michango yao midogo midogo ilikuwa rahisi kutumwa wakati huo kuliko ilivyokuwa 2021. Ukiweka mwaka huo kwenye wastani, utapata picha ya klabu ambayo haipo.

Baada ya hapo ni kazi ya daftari tu. Taarifa ya miamala unaweza kuiomba kupitia menyu ya simu au programu, ikaja kwa barua pepe. Iombe ya mwaka mzima, kisha uhesabu kwa kila mwezi ni watu wangapi tofauti walituma. Watu, si shilingi. Mtu mmoja mkarimu anayetuma 2,000 anaweza kuficha wanachama tisa waliopotea.

Laini ni ya nani?

Hapa nina neno kali kidogo. Klabu nyingi huweka pesa kwenye laini ya kibinafsi ya mweka hazina. Mara nyingi ni mtu mwaminifu, ndiyo maana alichaguliwa. Lakini uaminifu hauzuii mambo haya yafuatayo.

Akiwa na deni la Fuliza, mchango wako ukiingia mfumo unakata deni kwanza. Hajaiba, anaweza kuwa hata hajaona. Soo mbili zako zimelipa unga aliokopa jana usiku, na sasa yeye anaidaiwa klabu bila kujua ni ngapi. Pili, pesa zake za nyumbani na za klabu zinakaa chungu kimoja, na hata akijitahidi kuandika kila kitu, taarifa ya laini hiyo haiwezi kuonyeshwa kwenye mkutano kwa sababu ina maisha yake yote ndani: amemtumia nani, lini, kiasi gani. Anapokataa kuionyesha ana haki. Wanachama wanapomshuku kwa kukataa, nao wana sababu. Urafiki wa miaka kumi unavunjika hapo hapo, na hakuna aliyekosea.

Na akifariki? Mbele ya sheria, pesa zilizo kwenye laini yake ni mali ya marehemu. Zitafuata utaratibu wa urithi. Mtaenda kumwambia mjane, siku ya tatu baada ya mazishi, kwamba elfu ishirini na moja kati ya zile ni za timu? Mtathibitisha vipi?

Sisi upande wa huduma za malipo hatuna msaada mkubwa tunaoweza kutoa hapo. Laini imesajiliwa kwa jina la mtu na kitambulisho chake, na kwetu mwenye pesa ni yeye. Kinachosaidia ni kuwa na akaunti kwa jina la klabu: nambari ya Paybill au till iliyofunguliwa kwa hati za klabu, au Paybill ya benki inayopeleka pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Uliza pia kama akaunti hiyo inaruhusu mtu mmoja aanzishe malipo na mwingine ayaidhinishe. Hiyo ni tofauti kabisa na ule mtindo wa kamati kugawana PIN moja watu watatu, ambao hauna ulinzi wowote. Pesa zikitoka, kila mmoja atasema si mimi.

Kwa haya yote mtahitaji klabu iwe imesajiliwa. Timu ya michezo ina njia yake kwa Msajili wa Michezo, chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Kikundi cha kijamii kina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, ambayo inataka watu wasiopungua kumi na katiba. Ni shughuli, sikatai. Kuna picha, nakala za vitambulisho, kumbukumbu za mkutano, safari za ofisini. Lakini ni shughuli ya mara chache, na kesi ya pesa zilizopotea ni ya kila wiki hadi mtu ahame.

Faida ambayo watu hawaizungumzii sana ni ile sehemu ya nambari ya akaunti kwenye Paybill. Kila mwanachama aandike jina lake na mwezi anaolipia. Mwaka ukiisha mna orodha iliyojiandika yenyewe, na hesabu ya wangapi walilipa Machi ni kazi ya dakika kumi. Unapofungua utaulizwa ada ilipwe na nani: anayelipa, klabu, au kila mmoja sehemu. Mimi ningeshauri klabu ibebe. Mtu aliyeambiwa soo mbili atoe soo mbili. Ile ada ndogo juu yake, kwa mtu anayepata mia tano kwa siku, ndiyo inayomfanya aseme "nitatuma kesho."

Orodha ya aibu

Jambo la mwisho linanikera, na najua wengi hawatakubaliana nami. Ni ule mtindo wa mweka hazina kuweka kwenye kundi la WhatsApp orodha ya wasiolipa, majina na kiasi, kila tarehe tano. Wanaoutetea husema unaleta uwazi na pesa zinaingia. Ni kweli, zinaingia. Mwezi huo.

Angalia miezi sita baadaye. Kijana ambaye deni lake limefika 1,800 haji tena mazoezini. Si kwamba hapendi mpira. Anajua akifika getini ataulizwa, mbele ya wadogo zake. Anaanza kupitia njia ya nyuma ya soko ili asikutane na nahodha. Klabu imepoteza 1,800 ambazo isingezipata hata hivyo, imepoteza soo mbili za kila mwezi ambazo pengine angerudi kuzilipa, na imempoteza beki wa kushoto.

Deni la namna hiyo limekaa kwenye vitabu kama mali. "Tunadai wanachama elfu arobaini na tano," inasomwa kwenye ripoti, na watu wanahesabu kana kwamba ipo. Kwangu, mtu asipolipa miezi mitatu, deni lake lisihesabiwe tena kama pesa. Hesabuni kilicho mkononi. Kisha mmoja wenu, asiwe mweka hazina, ampigie simu: "Ndugu, tumekukosa. Ya nyuma tuyaache, anza na mwezi huu." Wengine wataona huo ni upole wa kupita kiasi na kwamba wanaolipa kila mwezi watajiona wajinga. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hivyo msamaha uwe mara moja tu kwa mtu, na uamuliwe na mkutano, si na mwenyekiti akiwa na hisia nzuri. Kama mwanachama hana mshahara wa mwezi, mruhusuni alipe hamsini kila Jumamosi.

Kwenye WhatsApp wekeni jumla: mwezi huu wamelipa 27 kati ya 40, zimeingia 5,400, zimetoka 6,200, salio linatosha miezi minne. Mistari minne haihitaji jina la mtu wala nambari ya simu ya mtu. Anayetaka kuona taarifa kamili aje akae na mweka hazina na mtu wa pili wa kamati, waifungue pamoja.

Klabu ambayo haijawahi kufanya hesabu hii isianze na miaka kumi. Chukueni Januari 2023 hadi leo: uchaguzi ulikuwa umepita, na bahasha nyingi zilikuwa zimekwisha. Andikeni kwa kila mwezi idadi ya waliolipa, mfanye hivyo kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto, maana zikianza kila klabu itaonekana ina afya. Mkikuta mstari unashuka, mnayo orodha ya watu wa kupigia simu wiki hii, na wengi wao bado wanaishi mtaa huo huo.